Kompyuta ya ofisi ikiwa nzito, si lazima iwe na virusi

Katika ofisi nyingi hapa Dodoma, kompyuta ikichelewa kuwaka watu husema ina virusi, na fundi huitwa aipige windo upya, yaani aweke Windows upya. Imani hiyo ina msingi, maana virusi kweli huweza kuilemea mashine. Lakini kwenye kompyuta zilizounganishwa pamoja, mara nyingi chanzo ni kingine.

Inapowaka, kompyuta ya namna hiyo huweza kutafuta seva (kompyuta kuu inayohudumia nyingine), folda za pamoja na printa. Kimoja kikiwa kimezimwa au kuhamishwa, hukaa ikisubiri jibu. Izime, chomoa waya wa mtandao (zima na Wi-Fi), kisha iwashe. Ikifunguka upesi, anzeni kuchunguza mtandao. Kupiga windo hakutafufua seva iliyozimwa, na mafaili ya watu yasiyohifadhiwa kwingine yanaweza kupotea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ikibaki nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja; itafunguka Task Manager, dirisha linaloonyesha kila programu inatumia kiasi gani cha kompyuta. Diski ikiganda karibu na asilimia 100 wakati hujafungua chochote, tazama ni programu gani inayoitumia: huenda ni masasisho, au ni antivirusi yenyewe inakagua. Diski za zamani za kuzunguka huelemewa haraka. Kuweka SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, huleta nafuu kubwa.