Mtoto wa nguruwe akifa, mtazameni kwanza mama yake

Wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini wanaoniita kwa sababu ya vifo vya watoto wa nguruwe hutarajia nianze na watoto. Mimi, nikiwa daktari wa mifugo, huanza na mama, kwa kuwa vifo vingi vya siku 3 za mwanzo hutokana na kunyonya kulikoshindikana, ama kwa sababu mama hatoi maziwa, ama kwa sababu mtoto hana nguvu ya kuyavuta.

Kondo la nguruwe halipitishi kinga kutoka kwenye damu ya mama, hivyo kinga ya mwanzo yote mtoto huipata katika dang'a, yaani maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wake huweza kuifyonza kinga hiyo kwa takriban saa 24 tu. Katika muda huo anahitaji angalau gramu 200 za dang'a. Tena huzaliwa na mafuta machache mno mwilini, akihitaji joto la karibu nyuzi 34, ilhali mama yake hustarehe kwenye nyuzi 18 hadi 22. Katika baridi ya Juni huko Njombe, sakafu ya saruji isiyotandikwa nyasi kavu humpoza haraka. Akipoa hulegea, akilegea hanyonyi, na asiponyonya huzidi kupoa, akajibana ubavuni mwa mama na kulaliwa. Ndiyo maana siridhiki kuambiwa kwamba kulaliwa ni ajali: nikimpasua mtoto wa namna hiyo, mara nyingi nakuta tumbo tupu.

Kwa upande wa mama, ninachokiogopa zaidi ni homa ya baada ya kuzaa inayoambatana na uvimbe wa kiwele na kukauka kwa maziwa. Joto lake huzidi nyuzi 40, huacha kula, kiwele huwa kigumu na cha moto, naye hulalia kifudifudi na kuwanyima watoto chuchu. Mara nyingi tatizo huanza kabla ya kuzaa, pale anapokosa majani na maji ya kutosha akafunga choo, kisha sumu za bakteria wa utumboni zikaingia kwenye damu na kushusha homoni ya prolaktini, ambayo huendesha utengenezaji wa maziwa. Anyonyeshapo huhitaji lita 20 hadi 40 za maji kwa siku. Ndoo ya lita 10 asubuhi na nyingine jioni humfikisha kwenye kiwango cha chini tu. Homa ikipanda hivyo, daktari aitwe siku hiyo hiyo, kwani sindano ya oksitosini, homoni inayoshusha maziwa, peke yake haitibu maambukizi.

Kuchelewa kuna gharama, kwa sababu nguruwe hushusha maziwa kwa sekunde 10 hadi 20 tu, kila baada ya dakika 40 hadi 60, na chuchu isiyonyonywa kwa siku 3 hivi hukauka hadi uzao ujao. Watoto wakiwa wengi kuliko chuchu, wenye nguvu waliokwisha kushiba dang'a watengwe kwenye kisanduku chenye joto kwa saa moja hivi, wadogo wapate kunyonya bila kusukumwa.

Sindano ya madini ya chuma, miligramu 200 kwenye siku ya 3, itolewe vilevile hata kama mama ni mzima, kwa kuwa maziwa yake hayana chuma cha kutosha.