Nusu kidonge cha Karafuu

Asubuhi moja, kabla sijafungua dirisha la kliniki, bibi mmoja wa mtaa wa Malindi hapa Mji Mkongwe alinigongea mlango akiwa amekumbatia kikapu cha ukili kilichofunikwa kwa kanga. Shikamoo yangu aliiitikia nusu, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kikapuni. Nilipoifunua kanga nilimkuta paka dume mwenye rangi ya karafuu zilizokauka, na jina lake lilikuwa hilohilo, Karafuu. Uso ulikuwa umevimba, pumzi zilikuwa za haraka, na fizi zake, ambazo kwa paka mzima huwa na rangi ya waridi, zilikuwa zimegeuka kahawia kama chai iliyolala. Nilimwuliza bibi amempa dawa gani.

"Kidonge cha homa, mwanangu. Jana alikuwa na homa, na mimi nina homa. Kidonge kilikuwa kimoja tu, tukagawana."

Nimekuwa daktari wa wanyama kwa miaka mingi, na sijawahi kusikia maneno machache yaliyobeba mapenzi mengi na hatari kubwa kwa pamoja kiasi hicho. Nayasimulia kwa idhini ya mwenyewe, kwa sababu wamiliki wengi wanaofika kwangu wana moyo kama wake, na wanachokosa ni kuelezwa mnyama wao ni kiumbe wa namna gani.

Nianze na kidonge chenyewe. Parasetamoli inapoingia mwilini mwa binadamu, ini huifunga kwenye aina fulani ya asidi inayotokana na sukari, kisha figo huitoa kupitia mkojo, na mtu akaamka kesho yake akiwa hana habari kuwa kuna kazi iliyofanyika. Ini la paka lina uhaba mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kufunga, kwa hiyo dawa hushika njia nyingine na kuzaa sumu inayoshambulia chembe nyekundu za damu. Himoglobini hubadilika ikawa haiwezi tena kubeba oksijeni, damu hugeuka kahawia, na mnyama hukosa hewa ilhali mapafu yake ni mazima. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kumwua paka wa kilo 3. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama, wala hakuna namna ya kusaga au kuchanganya na maziwa itakayobadilisha jambo hilo.

Ukiuliza kwa nini paka akose kimeng'enya ambacho wanyama wengi wanacho, jibu linaloelekea zaidi ni chakula cha mababu zake. Kimeng'enya hicho husaidia pia kuondoa sumu za mimea, na mnyama ambaye ukoo wake umeishi kwa nyama tupu hakuwa na haja kubwa nacho. Wahenga wetu hawakuwa na maabara, lakini walisema kuwa paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, na kwa upande wa lishe walisema kweli tupu. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea kirutubisho kiitwacho taurini cha kutosha, nacho hupatikana katika nyama na samaki. Paka anayelishwa wali uliomwagiwa mchuzi mwepesi kwa miezi mingi anaweza kupofuka, au moyo wake ukatanuka na kulegea. Uhusiano huo wa taurini na moyo ulibainishwa mwaka 1987, na viwanda vya chakula cha paka vikalazimika kuongeza kiwango chake. Kichwa cha samaki anachotupiwa paka wa sokoni Darajani kina faida kwake kuliko sahani ya wali wa nazi anayoandaliwa paka wa ndani.

Tulimtundikia Karafuu dripu, nikamwanzishia asetilisisteini, dawa ileile wanayopewa binadamu waliozidisha parasetamoli. Bibi alikataa kwenda nyumbani. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Hivi daktari, huyu ananijua mimi, au analijua jiko langu? Mwanangu aliyeko Dar huniambia paka hampendi mtu."

Swali hilo huulizwa na watu wengi, mara nyingi kwa mzaha unaoficha wasiwasi. Kulijibu kwa haki kunahitaji kwanza kumweka paka pembeni na kumtazama mbwa, maana watu humpima paka kwa kipimo cha mbwa na kumwona amepungukiwa. Mwaka 1914, wachimba mawe karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke lenye umri wa takriban miaka 14,000, na pamoja nao mbwa mchanga wa miezi kama 7. Uchunguzi wa meno yake uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha dalili kuwa aliugua distempa, ugonjwa mkali wa mbwa, akazidiwa zaidi ya mara moja, maradhi ambayo sisi madaktari tunajua kuwa mtoto wa mbwa hayavuki bila mtu wa kumlisha, kumnywesha na kumsafisha kwa majuma. Mbwa huyo hakuwa na faida yoyote kwa wawindaji wakati wa ugonjwa wake. Walimwuguza tu.

Paka alikuja baadaye, na alikuja kwa miguu yake. Babu yake ni paka pori ambaye hata leo tunaye katika nyika za Afrika Mashariki, mnyama anayewinda peke yake na asiye na kundi wala mkubwa wa kumtii. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, panya walifuata nafaka, na paka wakafuata panya. Hata hivyo, haukupita muda mrefu uhusiano ule ukawa zaidi ya biashara ya ghala. Katika kisiwa cha Cyprus, ambacho hakikuwa na paka wa asili, limepatikana kaburi la miaka kama 9,500 ambamo paka mzima amelazwa kiasi cha sentimita 40 tu kutoka kwa binadamu. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyempakia paka chomboni akavuka naye bahari. Yeyote aliyewahi kupanda boti ya Dar na paka ndani ya boksi anajua kuwa safari hiyo haifanywi na mtu asiyempenda.

Tofauti ya asili zao ndiyo inayotuchanganya. Mbwa anatokana na wanyama wa kundi, kwa hiyo alikuja na ishara nyingi za kumridhisha mwenzake, nasi tunazisoma bila shida. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kuwa mbwa na mwenyewe wanapotazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, homoni ileile inayohusika na mama na mtoto anayenyonya. Paka hakurithi lugha ya namna hiyo, ilimbidi aitunge. Ule mlio wa "nyau" ambao tunaudhania kuwa ndiyo lugha ya paka, paka wakubwa hawautumii sana baina yao. Mtoto wa paka humlilia mama yake hivyo, akikua huacha, isipokuwa akiishi na watu. Kwa hiyo paka anayekufuata uani akilia anazungumza lugha aliyoitunza kwa ajili yako, na wamiliki wasikivu hujua kabisa mlio wa njaa ni upi na wa kufunguliwa mlango ni upi.

Kuhusu jiko, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, waliwaingiza paka katika chumba kigeni pamoja na wenyewe, wakawaacha peke yao kwa dakika 2, kisha mwenyewe akarejea. Takriban wawili kati ya watatu walimsalimu mwenyewe, wakatulia, wakarudi kuchunguza chumba bila hofu, na ndivyo anavyofanya mtoto mchanga anayemwamini mzazi wake. Waliobaki ama walimng'ang'ania, ama walimkwepa. Chumbani hamkuwa na jiko. Mwaka huohuo utafiti wa Japani ulionyesha kuwa paka hutambua majina yao katikati ya maneno mengine yanayofanana nayo kwa urefu. Husogeza masikio au kichwa wanapoyasikia. (Kwamba wanasikia na hawaji ni suala jingine, na sina tiba yake.)

Nilimweleza bibi mambo haya kwa ufupi, naye hakuyashangaa hata kidogo. Aliniambia kuwa Karafuu humpangusia shavu kila anaporudi kutoka sokoni. Nikamfahamisha kuwa mashavuni mwa paka mna tezi za harufu, na anapojisugua kwa mtu, kwenye mguu wa kitanda na kwenye mlango, huwa anaieneza harufu moja kwa wote anaowahesabu kuwa wake, mfano wa nyumba inayofukizwa udi hata kila nguo ikanukia sawasawa. Anaporudi mtu akiwa na harufu za sokoni, hupakwa upya.

Ipo methali nyingine, paka hakubali kulala chali, nayo husemwa juu ya mtu asiyekubali kushindwa. Paka pori kweli hakubali, maana tumbo ndipo palipo laini. Wa nyumbani akilala chali mbele yako, amekuamini. Tatizo ni kuwa watu hudhani anaomba kukunwa tumbo, wakapeleka mkono na kurudi nao una damu, kisha wakamwita mnafiki. Ukitaka kumjibu, mtazame na ufumbe macho polepole, uyafumbue polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walijaribu ishara hiyo wakaandika matokeo yake mwaka 2020: paka hufumba macho kwa kujibu, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mtu mgeni aliyewafanyia hivyo.

Bibi, ambaye alisoma chuo cha Kurani zamani, aliniongezea la kwake. Alinikumbusha hadithi ya Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, na kuwa ni miongoni mwa wanaowazungukieni. Neno la Kiarabu lililotumika hapo linatoka mzizi mmoja na neno letu tawafu, yaani kuizunguka Kaaba. Katika visiwa hivi ambavyo wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, mbwa hubaki uani na paka hulala kitandani. Mapenzi kwa mbwa yapo, nimewaona walinzi wa usiku wakigawana mkate na mbwa wao, lakini ni mapenzi ya nje ya kizingiti.

Sasa nirudi kwenye ile homa, kwa maana hapo ndipo bibi alinifundisha mimi. Paka huficha maumivu kwa ustadi wa kusikitisha. Mnyama awindaye peke yake, mwenye uwezekano wa kuwindwa yeye mwenyewe, hapati faida kutangaza udhaifu, kwa hiyo mara nyingi naletewa paka ambaye figo zimekwisha kuharibika na mwenyewe anaapa kuwa hadi jana alikuwa mzima. Nilimwuliza bibi alijuaje kuwa Karafuu ana homa. Akasema kila alfajiri Karafuu huja kukaa pembeni mwa msala hadi atoe salamu, na siku ile hakuja. Akamtafuta, akamkuta chini ya kitanda amejikunyata, akamgusa masikio kwa kiganja, yakawa ya moto. Nilipompima joto na kupapasa mwili wake, nikakuta chini ya manyoya ya bega jipu lililotokana na kuumwa na dume mwenzake.

Hakuna kipimo nilichonacho kinachoshinda msala ule. Dalili ninazowaomba watu wazichunguze zote ni za aina hiyo: paka aliyekuwa akirukia dirisha akaanza kupitia kwenye kiti, aliyekuwa akijilamba kila baada ya kula manyoya yakaanza kushikamana, dume anayekwenda mara kwa mara kukojoa na kisitoke kitu. Huyo wa mwisho asingojewe hata hadi kesho, maana njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili. Asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu naye aletwe, hasa akiwa mnene, kwa kuwa mafuta huanza kujaa kwenye ini. Mgeni hawezi kuyaona haya. Huyaona anayeishi naye.

Karafuu alikaa kwangu siku tatu. Jipu tulilitumbua na kulisafisha, fizi zikarudi waridi kidogokidogo, na uvimbe wa uso ukashuka. Wasaidizi wangu walimwita kwa jina mara nyingi bila hata kutazamwa. Asubuhi ya siku ya nne bibi aliingia na kikapu chake, akaniamkua mimi kwanza kabla sijamwahi, na kwa sauti ile tu masikio ya Karafuu yaligeuka yote mawili kuelekea mlangoni. Alisimama, mkia juu, akausugua uso wake kwenye ukingo wa kikapu, kisha kwenye mkono ulioshika kikapu, mbele na nyuma, mara tatu nne. Bibi alinitazama bila kusema neno kuhusu jiko. Alimfunika kanga, akafika mlangoni, akageuka.

"Na homa ikitupata tena sote wawili?"

"Kidonge chote chako, bibi. Yeye mlete kwangu."