Dhima ya bima katika ajali ya bodaboda: nani alipe, na kwa nini

Ajali ya bodaboda Mombasa huamuliwa papo hapo. Kabla aliyeumia hajanyanyuliwa, wenzake wa steji wameshajaa, dereva wa gari ameshazungukwa, na kila aliyesimama pale anajua nani mwenye makosa. Ikija habari ya bima, jibu ni fupi zaidi: "Gari lina bima, atalipwa tu." Wengi hupotelea hapo.

Dhima ni wajibu wa kisheria wa kulipa madhara uliyomsababishia mwenzako. Ni mzigo wa mtu, si wa kampuni. Bima inaubeba mzigo huo kwa niaba ya mteja wake, na ikiwa mteja hana mzigo, kampuni nayo haina cha kubeba. Kwa hivyo kampuni ya bima haimlipi mtu kwa sababu ameumia. Inamlipa kwa sababu mteja wake ndiye aliyemuumiza kwa uzembe. Swali la kwanza ni nani alikosea na kwa kiasi gani. La pili ni kama mwenye chombo anabeba kosa la aliyekuwa anakiendesha. Stika ya bima inaingia baada ya hayo mawili kujibiwa.

Bima ambayo kila pikipiki, tuktuk na gari lazima liwe nayo barabarani inatoka kwenye Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, sheria ya bima ya magari kwa watu wa tatu. Ndiyo watu huita thadi pati, yaani bima ya mtu wa tatu: yule asiye mteja wala kampuni. Kinachotakiwa na sheria hiyo ni kugharamia kifo au majeraha ya watu wengine. Taa ya gari uliyoivunja au kibanda cha matunda ulichokigonga havimo katika kiwango hicho cha lazima. Kampuni nyingi huongeza kipengele cha mali, lakini hilo utalisoma kwenye mkataba wako. Abiria aliyepanda kwa nauli amo. Mwendeshaji mwenyewe hamo.

Hili la mwisho ndilo husababisha maneno mengi. Mwendeshaji akiteleza peke yake kwenye mchanga pale Likoni na kuvunjika mkono, bima aliyoilipia kila mwezi haimpi hata senti ya matibabu, kwa kuwa yeye si mtu wa tatu mbele ya bima ya chombo chake. Angehitaji bima ya ajali binafsi, ambayo ni kitu kingine na hulipiwa mbali. Hata pikipiki ya mkopo iliyokatiwa bima kamili, kinachokingwa zaidi ni pikipiki, maana mkopeshaji analinda pesa zake. Mguu ni wako. Kwa maoni yangu mawakala wanaouza stika wangelisema hili kwanza, kabla hawajataja bei.

Tuchukue mfano wa kutunga. Bodaboda inatoka Kongowea na abiria wawili, mshikaki kama kawaida, inapanda barabara ya Malindi kwa kasi. Karibu na Bombolulu, tuktuk inakata kulia kuingia mtaani bila kungoja njia iwe wazi. Wanagongana. Mama aliyekaa nyuma kabisa anavunjika mguu, na mwendeshaji anavunjika mfupa wa bega. Mahakama inasikiliza na kuona tuktuk ndiyo iliyoziba njia, kwa hivyo inabeba asilimia 70. Mwendeshaji naye alikuwa kasi na amebeba kupita kiasi, akashindwa kuidhibiti pikipiki: asilimia 30.

Sasa pesa. Fidia ya mama ikiwa shilingi 600,000, bima ya tuktuk inalipa 420,000 na bima ya bodaboda 180,000. Mama hakuwa akiendesha chochote, kwa hivyo kwa kawaida anapata zote. Mwendeshaji, madhara yake yakipimwa kuwa shilingi 400,000, anapata 280,000 kutoka upande wa tuktuk. Ile 120,000 iliyobaki ni sehemu ya kosa lake mwenyewe, na hakuna kampuni inayodaiwa pesa hizo. Ajali ni moja, stika ni mbili, na kila aliyeumia ana hesabu yake.

Mgawanyo kama huo ni jambo la kila siku mahakamani. Ushahidi ukigongana hadi hakimu asiweze kusema nani alikosea zaidi, anaweza kugawa nusu kwa nusu. Abiria pia anaweza kukatwa kitu ikionekana alichangia madhara yake. Helmeti hutajwa sana hapa, na hutajwa vibaya. Kukosa helmeti hakusababishi ajali. Kunahesabika pale jeraha lenyewe ni la kichwa na helmeti ingelipunguza. Aliyevunjika mguu hawezi kukatwa fidia kwa sababu hakuvaa helmeti, hata wakili wa upande wa pili akilirudia mara kumi.

Na abstrakti ya polisi, ile karatasi ya muhtasari wa ajali, je? Watu huishika kama hukumu. Ukiisoma utakuta tarehe, mahali, nambari za vyombo, majina ya wenyewe, kampuni ya bima na nambari ya bima. Kwenye nafasi ya matokeo mara nyingi wameandika tu kwamba uchunguzi unaendelea. Abstrakti inathibitisha kwamba ajali iliripotiwa na nani walihusika. Nani mwenye makosa huthibitishwa na ushahidi: mashahidi, mchoro wa eneo uliochorwa na askari wa trafiki, alama za breki, mahali chombo kilipobondeka. Tuktuk iliyobondeka ubavuni kushoto, nyuma ya dereva, inasema mengi kuhusu nani alikuwa akimkatia nani njia. Ndiyo maana picha za simu zilizopigwa kabla vyombo havijasogezwa zina thamani kuliko kelele zote za pale. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame na, pale inapobidi kuripoti polisi, afanye hivyo mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24.

Dereva akishtakiwa na kupatikana na hatia ya kuendesha kwa uzembe, hukumu hiyo ya jinai ina uzito mkubwa katika kesi ya fidia. Hata hivyo haimalizi hesabu ya asilimia. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishaliamua hilo mwaka 1971 katika kesi ya Robinson dhidi ya Oluoch: aliyehukumiwa kwa uzembe bado anaweza kudai kwamba mwenzake naye alichangia.

Tuje kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki. Pikipiki nyingi za hapa haziendeshwi na wenyewe. Mwendeshaji anapeleka hesabu kila jioni, na kinachobaki ni chake. Akimgonga mtu akiwa kazini, tajiri huwa na dhima pamoja naye, kwa sababu chombo kiko barabarani kwa ruhusa yake na kwa faida yake. Mwendeshaji akiwa amemwachia skwadi wa siku, yaani mtu wa kumshikia kazi, bila tajiri kujua, hapo pana mabishano, na ndipo kesi huchukua muda. Balaa kubwa zaidi ni logibuku, hati ya usajili wa chombo. Sheria inamchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukiuza pikipiki yako kwa karatasi ya mkono na usibadilishe jina, miaka miwili baadaye utaletewa samansi, wito wa mahakama, ya ajali ya Mtwapa ukiwa umelala kwako Magongo. Utaweza kujitetea, lakini kwa pesa na siku zako.

Dhima ikishajulikana, kampuni ya bima bado inaweza kutafuta mlango wa kutokea. Baadhi ya milango sheria imeifunga. Haiwezi kumkatalia mtu wa tatu kwa kusema chombo kilikuwa kibovu, au kilibeba watu zaidi ya idadi inayoruhusiwa. Yaani mshikaki hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mama yule wa Kongowea. Kampuni italipa, kisha ina haki ya kumgeukia mteja wake imdai. Vilevile, masharti kama "ungetuarifu mapema baada ya ajali" ni ya kati ya kampuni na mteja, hayamfungi aliyeumia.

Milango mingine iko wazi. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha ikabeba abiria wa nauli inaipa kampuni hoja nzito dhidi ya abiria huyo, maana bima ya lazima inamhusu abiria pale chombo ni cha kukodi. Tofauti ya bei ya stika hizo mbili ndiyo huwashawishi wengine kukata ya rahisi. Kama mteja alidanganya alipokuwa akichukua bima, kampuni inaweza kuomba mahakama itangaze kwamba haifungwi nayo, lakini lazima ifungue shauri hilo kabla haijapita miezi mitatu tangu kesi ya fidia ianze.

Aliyeumia naye ana saa inayotembea. Kesi ya majeraha ina miaka mitatu tangu siku ya ajali. Na wanaoshtakiwa ni mwenye chombo na dereva, ingawa pesa zitatoka kwa kampuni. Kampuni lazima iarifiwe kuhusu kesi hiyo kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Bila taarifa hiyo, unaweza kushinda kesi na kampuni isilazimike kukulipa, ubaki na hukumu dhidi ya kijana asiye na kitu. Tena kuna kikomo: sheria inaitaka bima hii ibebe hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, ziada inamwangukia mwenye chombo mwenyewe.

Kwa upande wa Changamwe, Mikindani na Jomvu kuna jambo moja la kujua, kwa vile malori ya kontena ndiyo majirani wa bodaboda huko. Lori likigonga na kuondoka, watu huinukuu nambari iliyo nyuma. Nambari hiyo ikianza na Z ni ya tela. Kichwa kinachovuta kina nambari yake, usajili wake, na pengine mwenyewe mwingine na bima nyingine. Ipateni nambari ya mbele pia, au angalau jina lililoandikwa mlangoni. Abstrakti yenye nambari ya tela pekee inaweza kumpeleka wakili kwa kampuni isiyo na dhima yoyote.

Kesi nyingi hazifiki hukumu. Mawakili wa pande zote mbili wanakubaliana asilimia, tuseme 80 kwa 20, kisha wanabishania kiasi. Wakati mwingine kampuni hukuita moja kwa moja, ikakuwekea hundi mezani na karatasi ya kutia sahihi inayosema umepokea na huna dai lingine kuhusu ajali hiyo. Karatasi hiyo inafunga kila kitu. Kwa aliyewekewa vyuma mguuni, muulize daktari kwanza kama vitahitaji kuondolewa na upasuaji huo utagharimu kiasi gani, kisha hakikisha umeandikwa kwenye ripoti na kwenye dai. Mahakama huitambua gharama ya matibabu yajayo, ila lazima iwe imedaiwa, na baada ya sahihi kwenye ile karatasi hakuna wa kumdai tena.