Je, wajua kwa nini mwendesha baiskeli kwenye theluji hutoka jasho mgongoni huku vidole vikiganda?

Mtazame dereva wa bodaboda alfajiri: kavaa jaketi kinyumenyume, zipu iko mgongoni. Anayemsubiri kando ya barabara ana shati tu na hana neno. Hewa ni ileile, ila mmoja anaikimbilia na mwingine kasimama.

Baiskeli ya majira ya baridi ina fumbo hilohilo, na pahala pazuri pa kulitazama ni Oulu, kaskazini mwa Ufini. Wastani wa Januari huko ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na mwishoni mwa Desemba jua hukaa angani muda usiofika saa nne. Hata hivyo watoto huenda shule kwa baiskeli, na wakubwa hutoka nje ya mji kutembea nazo kwa raha zao. Mwaka 2013 kongamano la kwanza la kimataifa la baiskeli za majira ya baridi lilifanyika hapo hapo.

Tuanze na jasho. Misuli inapokanyaga pedali, takribani robo tu ya nguvu inayotumika huwa mwendo. Zinazobaki, robo tatu nzima, ni joto. Ni kama umebeba jiko tumboni, na ukilifunika kwa makoti matatu litakuchemsha.

Vidole navyo? Ngozi ikiwa imetulia huzungukwa na utando mwembamba wa hewa iliyopashwa moto na mwili. Upepo huupeperusha, na ngozi inabaki ikipasha hewa mpya kila mara bila kufaidi. Kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, hewa ya nyuzi -10 ikivuma kilomita 20 kwa saa, uso huhisi kama -18. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo huo mwenyewe, hata siku ambayo jani halitikisiki.

Mikono ndiyo inayopigwa kwanza, nayo haifanyi kazi yoyote ya kuipa joto. Imeshika usukani tu. Isitoshe, mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya damu vidoleni ili joto libaki kwenye moyo na viungo vya ndani. Ndiyo maana glavu ambayo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, vikigawana joto, huishinda ile ya kila kidole na chumba chake.

Na kuteleza je? Hapa mgeni hukosea. Siku ya kuogopa si ile ya nyuzi -15, bali ile inayochezea sifuri, barafu inapoanza kuyeyuka na kuvaa maji juu. Theluji iliyoshindiliwa, ikiwa kavu na baridi kali, hushika tairi vizuri. Wengi hufunga tairi zenye vijino vya chuma, kisha hupunguza upepo kidogo ili tairi ilale chini zaidi.

Halafu kuna ukimya, ambao nadhani ndio unaowatoa watu hawa kitandani. Theluji mpya imejaa vitundu vya hewa, na vitundu hivyo humeza sauti. Shamba zima hunyamaza, ukasikia pumzi zako na tairi ikisaga theluji kama mtu anayetafuna bisi.

Wazoefu huvaa kidogo kuliko unavyodhani: dakika tano za kwanza lazima utetemeke, la sivyo umezidisha nguo. Tena huanza safari kwa kuukabili upepo, mwili ukiwa bado mkavu na una nguvu. Ukifanya kinyume, utakuja kukutana nao wakati wa kurudi, shati limelowa na miguu imechoka.