Gurudumu la Ferris: si la feri, wala si pembea

Gurudumu la Ferris ni gurudumu kubwa la chuma lililosimama wima, linalozunguka taratibu kwenye mhimili mmoja, likiwa na vichumba ukingoni ambamo watu huketi wakatazama mji. Likijengwa juu ya ghorofa, ni gurudumu la paani. Maana yake ni hiyo tu. Matata yako kwenye jina, na hapa Mombasa jina hilo huharibiwa mara mbili.

Kwanza ni hii "feri". Aliyezoea kuvuka Likoni akisikia "Ferris", sikio humpeleka moja kwa moja kivukoni, naye huandika "gurudumu la feri". Inaeleweka, maana feri tunayo na tunaipanda kila siku. Lakini feri yetu ni neno la Kiingereza la chombo cha kuvushia watu, na Ferris ni jina la mtu: George Washington Gale Ferris, mhandisi wa Marekani aliyejulikana kwa kazi za madaraja na chuma. Mwaka 1893 mji wa Chicago uliandaa maonyesho ya dunia, na wenyeji walitaka kitu cha kushindana na mnara wa Eiffel, uliosimama Paris tangu 1889. Ferris akawajengea gurudumu la kimo cha mita 80 hivi, lenye vyumba 36, na kila chumba kikichukua watu 60. Fanya hesabu: watu 2,160 hewani kwa wakati mmoja. Alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 37, na gurudumu lake likavunjwa mwaka 1906.

Hakuwa wa kwanza kulifikiria, na hili nalo lifahamike. Msafiri Mwingereza Peter Mundy aliyaona magurudumu ya mbao ya kuzungushia watu mwaka 1620 katika nchi za Waturuki, kwenye mji ambao leo ni Plovdiv, Bulgaria. Huko Marekani kwenyewe, William Somers alikwisha kuyajenga ya mbao huko Atlantic City mwaka mmoja kabla ya Chicago, na akamshtaki Ferris mahakamani, ingawa kesi haikufika popote. Jina lililobaki ni la aliyejenga kwa chuma na kwa ukubwa usiosahaulika.

Lugha nyingine hazikujifunga na jina hilo. Wajerumani husema gurudumu la jitu, Wafaransa gurudumu kubwa. Wahispania huliita noria, neno walilopata kwa Waarabu, na asili yake ni gurudumu la kuchotea maji mtoni. Wajapani ndio waliopiga penyewe: kwao ni kanransha, chombo cha magurudumu cha kutazamia. Jina hilo linakwambia kile unachokwenda kufanya. Kwa Kiswahili "gurudumu la kutazamia" linatosha kabisa, na wala halihitaji Ferris wala feri.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu neno lenyewe ni letu: "pembea". Kupembea ni kwenda na kurudi. Mtoto akikalia kamba iliyofungwa kwenye tawi la mwembe, anapembea. Mzee barazani kwenye kiti cha pembea huenda mbele, hurudi nyuma. Wengine hutamka bembea, na jirani yake ni bembeleza: mtoto anayelia hupakatwa akayumbishwa huku na huku mpaka anyamaze. Katika maneno hayo yote mna kurudi. Gurudumu halirudi. Linapanda upande mmoja na kushukia upande wa pili, na njia uliyopandia huipiti tena katika mzunguko huo.

Najua sikukuu ya Idi watoto wakisema "twende pembea" pale Makadara, neno hilo hubeba michezo yote ya uwanjani, ya kuyumba na ya kuzunguka pamoja. Hilo ni jina la shughuli nzima na halina ubaya. Ubaya huja pale neno linapochukuliwa kueleza mtambo wenye mita mia, maana hapo linampa mtu picha isiyo sahihi na tabia isiyo sahihi. Mwenye hofu anadhani atarushwa, akabaki chini. Asiye na hofu anaanza kukitikisa kichumba kama alivyozoea kuisukuma pembea.

Kwenye mtambo huu kinachopembea ni kichumba peke yake. Kimetundikwa kwenye ekseli iliyo juu ya uzito wake, kwa hiyo gurudumu likizunguka, uzito hukivuta kibaki wima. Ndiyo maana hukai kichwa chini. Ndiyo maana pia wote mkikaa upande mmoja kinainama, na mkisimama ghafla kinayumba. Kaeni pande mbili mkitazamana, mzito kwa mzito. Tena yako magurudumu ambayo hata vichumba havipembei: lile la London, London Eye, lina vichumba nje ya duara, na kila kimoja hugeuzwa na mota ili sakafu ibaki sawa. Pembea hapo haimo hata kidogo.

Sasa la paani. Mfano mzuri ni HEP FIVE, mjini Osaka, Japani, gurudumu jekundu lililofunguliwa mwaka 1998 juu ya jengo la maduka. Utasikia "gurudumu la mita 106". Si kweli. Kipenyo chake ni mita 75, na 106 ni kimo cha kileleni kikipimwa kutoka barabarani. Tofauti, kama mita 31, imetolewa na jengo. Ndiyo faida ya paa: kichumba kikiwa chini kabisa, tayari kimeupita mnazi mrefu.

Kupandia ni ghorofa ya saba, kwa hiyo usilitafute lango barabarani. Ingia dukani upande juu. Vichumba ni 52, vya watu wanne wanne, na mzunguko ni dakika kumi na tano hivi. Gawanya, utapata kichumba kimoja kila baada ya sekunde 17 au 18. Gurudumu kwa kawaida halisimami kukungoja. Mwendo wake ni kama sentimita 26 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea, lakini anayekwama na mkoba mlangoni huchelewesha wote. Kigari cha mtoto kikunje kabla ya zamu yako, mkoba uwe mbele, ingia kwa kufuata upande kinakokwenda.

Watu wengi hukosea kungoja kilele ndipo watoe simu. Kichumba hupanda kwa kasi zaidi kikiwa ubavuni, na juu huenda karibu kwa mlalo. Kwa hiyo theluthi nzima ya mzunguko, dakika ya tano mpaka ya kumi, unakuwa katika robo ya juu ya kimo. Muda upo. Lakini kuuona mji pande zote bila kizuizi kunapatikana pale kileleni tu, kwa sababu vichumba jirani viko chini yako. Kabla ya hapo kimoja kiko juu yako, na vyuma vinakata sehemu ya picha. Kioo kikirudisha mwanga, bandika kamera ya simu kiooni na uzime taa yake.

Jambo la mwisho linawaponza wasafiri wa kwetu. Mombasa magharibi huhama kwa nusu saa hivi tu mwaka mzima, basi mtu hupanga kupanda saa kumi na mbili bila kufikiri. Osaka mwezi wa Desemba jua limezama kabla ya saa kumi na moja jioni, na Juni huzama baada ya saa moja usiku. Tazama saa ya machweo ya siku hiyo, upange foleni mapema ili jua likuache ukiwa juu. Na upepo ukiwa mkali mtambo husimamishwa, kwani paani upepo una nguvu kuliko mtaani na vichumba vilivyotundikwa huyumba.

Basi ukimsikia mtu akisema "pembea" uwanjani siku ya Idi, mwache, yuko sawa. Akisema hivyo kuhusu mtambo wa paani, mwambie kinachopembea ni kichumba. Na aliyeandika "gurudumu la feri" aikuze f, aongeze r na s.