Nani Atapanda Jukwaani? Dhana Potofu za Watabiri wa Kuteleza kwa Madoido Barafuni

Februari 2018, kabla wanaume hawajaingia barafuni kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, niliandika jina la Nathan Chen kwenye nafasi ya dhahabu. Niliandika kwa wino. Mmarekani huyo alikuwa ametwaa fainali ya mfululizo wa mashindano ya Grand Prix miezi miwili tu nyuma, na kila aliyejua kuhesabu miruko alimpigia upatu. Siku ya programu fupi, onyesho la kwanza kati ya mawili ambayo alama zake hujumlishwa, akaharibu miruko yake yote mitatu, akashika nafasi ya 17. Kesho yake akateleza programu ndefu bora kuliko wanaume wote waliokuwapo, akapata 215.08, na jumla ikamfikisha nafasi ya tano.

Wanasoka husema mpira unadunda. Barafu nayo inateleza, na huo ndio udhuru wa kwanza wa kila mtabiri aliyekosea. Ila mimi nilipokaa kuipitia ile karatasi yangu, niliona barafu haikuwa na hatia peke yake. Nilikuwa nimehesabu kile Chen anachoweza kukifanya siku yake njema, sikuhesabu kile anachokifanya siku ya kawaida. Kila Ubingwa wa Dunia unapokaribia nasikia watu wakirudia kosa hilohilo, na mengine ya ukoo wake.

"Mwenye miruko mingi ya mizunguko minne ndiye bingwa"

Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, na inaeleweka. Namba ziko wazi. Mruko uitwao lutsi, ukiwa wa mizunguko minne, unaanzia thamani ya 11.5, ule wa mizunguko mitatu 5.9. Akseli ya mizunguko minne, ambayo kwa kweli ni minne na nusu kwa kuwa mrukaji huondoka akitazama mbele, inaanzia 12.5. Ilia Malinin wa Marekani ndiye aliyeitua kwa mara ya kwanza kwenye mashindano, Septemba 2022, na ndiye aliyetwaa Ubingwa wa Dunia 2024 mjini Montreal na 2025 mjini Boston. Basi mtu anajumlisha miruko, anapanga majina, anamaliza.

Sasa tazama wanawake wa Olimpiki ya Beijing 2022. Mrusi Alexandra Trusova alipanga miruko mitano ya mizunguko minne kwenye programu ndefu, akaijaribu yote, akaishinda programu hiyo kwa 177.13. Mrusi mwenzake Anna Shcherbakova alipata 175.75. Dhahabu ikaenda kwa Shcherbakova, jumla 255.95 kwa 251.73.

Dhahabu ya Trusova ilipotelea wapi? Mahali pawili. Kwanza programu fupi. Trusova alijaribu akseli ya mizunguko mitatu, akaanguka, akatoka na 74.60 dhidi ya 80.20 za mwenzake. Pili, zile alama ambazo mashabiki huziita za usanii, ingawa ndani yake mna ufundi mwingi wa miguu. Kwenye programu ndefu Shcherbakova alipewa 75.26, Trusova 70.97. Pengo hilo peke yake ni 4.29, na tofauti ya mwisho kati ya dhahabu na fedha ilikuwa 4.22. Shaba ikachukuliwa na Kaori Sakamoto wa Japani bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne, bila hata akseli ya mitatu. Mwezi uliofuata Sakamoto akawa bingwa wa dunia, akarudia 2023, akarudia tena 2024.

Alama hizo za usanii siku hizi zina vipengele vitatu: mpangilio wa programu, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Kila kimoja hupewa alama hadi kumi, kisha jumla huzidishwa. Kwenye programu ndefu ya wanaume kizidishi ni 3.33. Mtelezaji anayezidi mwenzake kwa nusu alama tu katika kila kipengele amepata takribani alama tano za ziada, karibu sawa na lutsi nzima ya mizunguko mitatu, na hajaruka kitu. Watabiri wengi hawaandiki mstari huu kwenye hesabu zao kabisa.

Halafu kuna swali la mruko unaoharibika. Lutsi ya mizunguko minne iliyokamilika hewani lakini ikaishia kwenye makalio hupewa daraja la chini kabisa la ubora, yaani inapoteza nusu ya thamani yake: 11.5 inakuwa 5.75. Toa alama moja ya adhabu ya kuanguka, inabaki 4.75. Lutsi safi ya mizunguko mitatu, ikipambwa kwa daraja la ubora la +3, inaleta 7.67. Kwa hiyo "ana miruko minne ya mizunguko minne" ni taarifa pungufu. Anatua mingapi kati ya kumi anayojaribu?

"Akianguka tu, kwaheri medali"

Hapana, na ukisoma hesabu ya hapo juu kinyumenyume utaona kwa nini: mruko ule ulioanguka bado una 4.75. Yuzuru Hanyu alianguka kwenye programu ndefu ya Sochi 2014 akabaki na dhahabu ya Olimpiki. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye Ubingwa wa Dunia uliofanyika London, ile ya Kanada, Patrick Chan alianguka mara mbili kwenye programu ndefu na Denis Ten wa Kazakhstan akamshinda programu hiyo. Chan alikuwa na akiba kubwa ya programu fupi, akabaki bingwa kwa tofauti ya 1.30. Watazamaji walinung'unika sana, na siwalaumu. Hata hivyo, hesabu haikuwa na kosa.

Kinachoumiza kimyakimya ni kile usichokiona ukiwa umekaa kwenye kochi: mzunguko ambao haukukamilika. Mtelezaji anatua, anatabasamu, uwanja unalipuka kwa makofi, na jopo la ufundi linarudia picha polepole na kuona alitua zaidi ya robo ya mzunguko mapema.

"Angalia alama yake bora ya msimu"

Alama bora ya msimu ni picha ya siku moja, tena siku njema kupita zote. Ukiwapanga watelezaji kwa siku zao njema, umetabiri mashindano ambayo hayajawahi kutokea popote, yale ambayo watu wote wameamka vizuri.

Kuna tatizo jingine: alama hizo hazikutoka kwenye mizani moja. Majopo hubadilika kutoka shindano hadi shindano. Jopo moja ni kali kwa mizunguko, jingine linasamehe. Na zile alama za ubingwa wa taifa ndizo za kuogopa kabisa. Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, ISU, haliziweki kwenye kumbukumbu zake za alama bora, na ni haki yake, maana majaji wa nyumbani mara nyingi ni wakarimu. Ukimwona mtu akisema fulani "ana 300" uliza alizipatia wapi.

Ninachofanya mimi ni kufungua karatasi za alama zenyewe. ISU huzitoa baada ya kila shindano lake, ukurasa kwa ukurasa, na ni shule ya bure. Kila mruko una mstari wake, na kando yake huwa kuna alama ndogo ambazo ndizo zinazosema ukweli. Alama ya "<" maana yake mzunguko ulipungua, na thamani ya msingi imeshuka hadi asilimia 80. Zikiwa mbili, "<<", mruko umeshushwa daraja kabisa: ulikusudiwa mizunguko minne, umelipwa mitatu. Herufi "q" inasema alitua pembezoni mwa ruhusa, na "e" inasema aliondoka kwa makali yasiyo sahihi ya kiatu, kosa linalowaandama baadhi ya watu kwenye miruko ya flipi na lutsi miaka nenda miaka rudi.

Chukua karatasi tatu au nne za mtelezaji mmoja, uzilaze pamoja. Kama "q" iko palepale kwenye kila karatasi, hiyo si bahati mbaya, ni tabia. Huyo akikutana na jopo kali siku ya ubingwa, alama zitashuka, na watu watasema ameonewa. Kinyume chake, yupo mtelezaji ambaye jumla yake haikusisimui, lakini karatasi zake ni nyeupe, hazina alama hata moja kando, na madaraja yake ya ubora yote ni chanya. Huyo ndiye humweka kwenye shaba yangu, na mara nyingi huwa ndiye jina ambalo wengine hawakulitaja.

"Programu fupi ikiisha, medali zimeshagawanywa"

Muulize Adam Siao Him Fa. Kwenye Ubingwa wa Dunia wa Montreal 2024 Mfaransa huyo alikuwa wa 19 baada ya programu fupi. Wanaume 24 ndio huvuka kwenda programu ndefu, maana yake alikuwa karibu na mlango wa kutokea. Akateleza, akapiga na sarakasi ya kupinduka nyuma iliyokuwa bado imepigwa marufuku wakati huo, akakatwa alama mbili kwa makusudi yake mwenyewe, na bado akaondoka na shaba. Shoma Uno, aliyekuwa ameongoza programu fupi, akamaliza wa nne. Wiki hiyohiyo, uwanja huohuo, Sakamoto alitoka nafasi ya nne hadi dhahabu.

Lakini usivuke mpaka ukaingia kwenye dhana ya upande wa pili, kwamba programu fupi haina maana. Mao Asada alifanya maajabu Sochi 2014, akapata 142.71 kwenye programu ndefu baada ya kuwa wa 16, na yote hayo yalimfikisha nafasi ya sita. Kupanda kutoka chini kunahitaji mambo mawili yatokee pamoja: wewe ung'are, na walio juu yako wateleze vibaya. La kwanza liko mikononi mwako.

Kwenye densi ya barafuni, ambayo hushindaniwa na wawili wawili, habari ni nyingine kabisa. Huko hakuna miruko mikubwa ya kupindua meza, kwa hiyo mpangilio baada ya siku ya kwanza hubadilika kidogo sana. Mambo huamuliwa kwa vijipande: daraja moja la hatua lililopotea, mzunguko mmoja uliokosa kulingana na wa mwenzako. Tessa Virtue na Scott Moir walichukua dhahabu ya Olimpiki ya 2018 kwa 206.07, Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wakapata 205.28. Wafaransa hao walishinda siku ya pili. Siku ya kwanza kifungo cha gauni la Papadakis kilikuwa kimefunguka mwanzoni mwa densi, akacheza hadi mwisho akiwa katika hali ile. Hakuna karatasi ya alama inayokusaidia kutabiri kifungo.

"Majaji wameshapanga"

Dhana hii ina asili yake. Olimpiki ya Salt Lake City 2002, kashfa ya majaji kwenye mashindano ya jozi ilikuwa kubwa kiasi kwamba dhahabu ya pili ilitolewa, na mfumo wa zamani, ambao alama yake ya juu kabisa ilikuwa 6.0, ukazikwa. Uliopo sasa umegawa madaraka. Jopo la ufundi linaamua ni mruko gani umerukwa na kama umekamilika, majaji wanapima ubora na kutoa zile alama za usanii. Wakiwa tisa, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa kwa kila kipengele, saba zinazobaki ndizo hutafutiwa wastani. Na tangu 2016 jaji hajifichi tena: jina lake na alama alizotoa vinasomeka.

Je, upendeleo umekwisha? Sidhani. Ninachokiona ni kwamba alama za usanii hutembea na jina la mtu. Bingwa akiharibu, hazishuki kadiri zinavyostahili, na mgeni akipaa, hazipandi haraka. Hilo si njama, ni mazoea, na mtabiri anaweza kulihesabu: mtelezaji mpya mwenye msimu mzuri mpe alama pungufu kidogo ya unazoona anastahili. Itakuuma, lakini utakuwa karibu zaidi na matokeo.

"Ni mchezo wa watoto"

Ulielekea huko kwa wanawake, ndiyo maana ISU iliamua Juni 2022 kupandisha umri wa chini wa wakubwa hadi miaka 17, na kufikia msimu wa 2024–25 ukawa umefika huko. Deanna Stellato-Dudek wa Kanada alitwaa ubingwa wa dunia wa jozi 2024 pamoja na Maxime Deschamps akiwa na miaka 40.

"Walewale wa mwaka jana"

Kabla ya kupanga majina, hakikisha watu wenyewe watakuwapo. Nchi moja haiwezi kupeleka zaidi ya watatu kwa kila fani, na idadi hiyo hutegemea nafasi walizoshika wenzao mwaka uliotangulia. Japani na Marekani huacha nyumbani watu ambao nchi nyingine zingewabeba mabegani. Machi 2022 Urusi na Belarus zilifungiwa, na jukwaa la wanawake likabadilika sana ndani ya mwezi mmoja.

Shaba ya wanawake kwenye Ubingwa wa Dunia wa mwaka huo ilikwenda kwa Alysa Liu, Mmarekani wa miaka 16, ambaye wiki chache baadaye alitangaza kustaafu. Akaondoka kwenye orodha za watabiri wote, yangu ikiwamo. Mwaka 2024 akarudi mashindanoni. Machi 2025 mjini Boston, watu wakimsubiri Sakamoto atwae taji la nne mfululizo, Liu ndiye aliyesimama juu.