"Ana akili za mtoto wa miaka 6": dhana inayowafunga vijana wetu

Mzazi akishakaa kwenye benchi la kitengo chetu cha elimu maalumu, haipiti dakika kabla sijaisikia: "Mwalimu, huyu ana miaka 19, lakini akili zake ni za mtoto wa miaka 6." Hata walimu wenzangu wanaisema. Imenichosha, kwa sababu naona inavyowaharibia vijana wenye ulemavu wa akili.

Hiyo 6 imetoka kwenye kipimo. Kijana kaulizwa maswali ya lugha, hesabu na maumbo, alama zake zikalingana na za watoto wa umri huo. Basi. Kipimo hakikugusa miaka 19 aliyoishi. Kijana asiyeweza kuandika jina lake hapandi daladala ya Mbagala wakati anakwenda Gongo la Mboto, na anajua nani mtaani ni mkali na nani humpa maji. Mwili nao ni wa miaka 19: ndevu zimeota, binti yuko hedhini, wote wana matamanio na aibu zao.

Sasa mtazame mzazi aliyeiamini ile 6. Anamwogesha uani kijana mwenye ndevu. Anamfunga vifungo vya shati, maana akijifunga mwenyewe watachelewa. Hela hampi kabisa. Binti anakua akijua kwamba mtu mzima yeyote anaweza kumvua nguo, yeye kazi yake ni kutulia. Siku akija jirani mwenye nia mbaya, atakataaje wakati hajawahi kuruhusiwa kukataa? Hili linaninyima usingizi.

Kazi za mtu mzima anaweza kujifunza, kwa hatua ndogo zinazorudiwa sana. Na wazazi nawasisitizia: anzeni na hatua ya mwisho. Kwenye kufua, mama afanye yote, kijana aanike tu. Akiimudu, akamue na kuanika. Kisha asuuze. Kila siku anamaliza yeye, nguo ziko kwenye kamba, badala ya kuachwa katikati ya beseni akifokewa. Fedha vilevile: mfundisheni kwa noti halisi, si vikaratasi. Asiyesoma tarakimu anaweza kutofautisha simba wa 2,000, faru wa 5,000 na tembo wa 10,000. Mtume kitu kimoja, duka moja, kwa muuzaji anayemjua, wiki hata wiki, ndipo uongeze cha pili.

Mengine nayajibu kwa kifupi. Wanaosema ukimweleza mambo ya mwili utamfungua macho: macho yalishafunguka, anachokosa ni majina ya viungo vyake na namna ya kukwambia kwamba ameguswa. "Amalize shule kwanza, chuo kitamfundisha maisha." Vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu vipo, kama cha Yombo, Dar es Salaam, lakini asiyeweza kujitunza chooni atashindwa bwenini kabla hajafika karakana. Anzeni akiwa na miaka 12, msingoje 18.

"Nani atamwajiri?" Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa mikopo yao isiyo na riba. Utekelezaji unasuasua, ndiyo, lakini wazazi wengi hawajawahi hata kumuuliza afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na kama mnategemea ndugu zake watamtunza, waulizeni sasa, mkiwa mmekaa pamoja, si msibani.

Mwisho, ile ya "kitambulisho cha nini, mimi si nipo?" Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hasajili hata laini ya simu kwa jina lake. Akitimiza 18 mpelekeni. Cheti cha kuzaliwa kifuatilieni mapema, maana ndicho wengi wanachokikosa siku hiyo.